Kuingia Bila Nywila

Kama Bi Waya angeshindwa kazi asubuhi ile, hadi leo angekuwa na mume, na kibarua, na jina safi. Hakushindwa. Ndiyo maana ukiisikia habari yake hujui umwonee huruma au umzabe kibao, maana aliombwa ajikaange kwa mafuta yake mwenyewe, naye akauliza sufuria iko wapi.

Bi Waya halikuwa jina lake. Wafanyakazi wa kiwanda cha uchapaji ndio waliomtungia, kwa sababu siku alipoletwa pale kama mke mpya wa kitinda mimba wa nyumba ile, wao walitegemea mkoba wa bibi arusi, yeye akatua begi limejaa nyaya. Kiwanda kilikuwa mali ya mama mkwe wake, mjane aliyejua uzito wa karatasi kwa kuipapasa tu na asiyependa kuitwa bosi, hivyo kila mtu alimwita Mama. Mume wa Bi Waya alisimamia mashine ya kukatia karatasi. Bi Waya mwenyewe ndiye aliyewafungia seva, kompyuta ya Linux iliyohifadhi kila kitu kinachosubiri kuchapwa, akaiweka katika chumba chembamba kilichokuwa stoo ya wino, chenye feni inayolia na ukuta wenye madoa ya bluu yasiyotoka kwa sabuni yoyote.

Kwenye mashine kama ile kila mtu ana akaunti yake, na kuna moja iliyo juu ya zote, wanaiita ruti. Aliyeingia kwa ruti hakuna faili asilolifungua wala amri asiyoweza kuitoa. Kwa miaka mingi ruti ilikuwa mikononi mwa Bi Waya. Kisha dada mkubwa wa mumewe akarudi kwao, ndoa imemshinda, akapewa kiti cha meneja ili asikae bure akihesabu mabati. Siku ya kwanza tu aliuliza ni kitu gani ndani ya kiwanda cha mama yake ambacho yeye hawezi kukifungua. Akaambiwa. Akaitaka nywila.

Bi Waya alimpa, tena kwa utaratibu wa kazi. Alimkalisha Meneja mbele ya kibodi, akageuka akatazama ukuta, akamwacha aandike nywila mpya ambayo hakuna mtu mwingine aliyeijua. Baada ya hapo akajiondoa mwenyewe miongoni mwa wanaoruhusiwa kufanya mambo ya ruti, akabaki na akaunti ya kawaida kama ya karani yeyote. Hata asante hakupata. "Sasa unaweza kupumzika, wifi," Meneja alimwambia, na kuanzia siku hiyo akawa anamwita "yule msichana wetu wa kompyuta" hadi mbele ya wateja. Ilimuuma sana.

Halafu, mwezi mmoja kabla ya asubuhi ile, ikaja balaa ya mtihani. Karatasi ya hesabu iliyoletwa pale kuchapwa kwa siri ilianza kuzunguka kwenye simu za wanafunzi kabla marobota hayajafungwa. Faili lake lilikuwa ndani ya folda inayofunguliwa na ruti peke yake, na ruti ilikuwa na mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa na binti, na binti alikuwa anafanya mtihani huo huo. Wafanyakazi walitazamana, wakarudi kwenye mashine zao wakazidisha kelele, kwa sababu nani angethubutu kumwendea Mama na kumwambia?

Mkaguzi wa mitihani alikuja, mwanamume mtaratibu aliyevaa viatu visivyo na chembe ya vumbi. Hakupiga kelele. Alimwambia Mama kwamba anataka mtu mmoja, aende naye polisi, na kiwanda kitabaki na kazi zake. Asipompata mtu, kiwanda kitafungwa, na yeye hatakuwa na la kufanya. Mama aliacha kula. Alikuwa na mtu mmoja tu wa kumtoa, na mtu huyo alimbeba tumboni mwake.

Na Bi Waya je? Bi Waya alikuwa analala fofofo. Mkaguzi alikuwa amemhoji akamwachia mwenyewe, akamwambia, "Wewe dada huna nywila, kwa hiyo huna neno." Huna nywila, huna neno. Watu wote kiwandani walisikia, na hiyo ndiyo ilikuwa kinga yake pekee. Mtu mwenye akili timamu angeikumbatia kinga hiyo kwa mikono miwili, akaacha mengine yaungue.

Asubuhi hiyo Meneja alimfuata mezani kwake. Alikuja na sauti mpya, laini, sijui alikuwa ameificha wapi miaka yote hiyo.

"Wifi yangu, mwenzio nimekwama. Ruti inanikataa. Naandika nywila ile ile, inaniambia nimekosea."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Na Mkaguzi yuko njiani, anataka kuiona folda yenyewe kwa macho yake. Tutaonekanaje? Hapa nimewaambia wote, kama kuna mtu wa kututoa ni wewe. Sisi wengine tunajifanya tu wajuaji."

Kilemba cha ukoka hicho, na Bi Waya alikiinamia kichwa avikwe vizuri. Usimlaumu sana. Alikuwa amekaa muda mrefu akingoja mtu yeyote wa familia ile amwambie kwamba anamhitaji, na mwenye njaa hakagui chakula kimepikwa na nani. Alinyanyuka haraka hadi kiti kikaanguka nyuma yake, akakiacha hapo hapo.

Katika chumba cha seva Mama alikuwa ameshakaa juu ya katoni la karatasi, mikono mapajani. Mumewe alisimama mlangoni, vumbi jeupe la karatasi limemjaa nyusi. Mkaguzi naye akaingia, akasalimia, akajibanza nyuma kabisa kwenye kona. Bi Waya alishangaa kidogo kuona watu wote hawa kwa ajili ya nywila moja. Alishangaa, halafu akafurahi.

Alianza kama daktari. Alimuuliza Meneja kama herufi kubwa hazikuwashwa kwa bahati mbaya. Hapana. Akamwambia aandike herufi zozote mahali pa jina, ambapo zinaonekana, ili ajue kama kibodi haijabadilishwa lugha. Maana mahali pa nywila hakionekani kitu, hata nukta, na mtu anaweza kubonyeza z ikaingia y asijue. Kibodi ilikuwa nzima. Akajaribu kuingia kutoka kompyuta nyingine ya ofisini. Ikakataa, akacheka, "Njia hii niliifunga mwenyewe. Ruti haiingii kutoka mbali, kwa usalama." Mkaguzi alitikisa kichwa kukubali.

"Kwa hiyo imeshindikana?" Meneja aliuliza. Aliuliza kwa unyonge wa mtu aliyefiwa.

Hapo ndipo Bi Waya alipotakiwa kusema ndiyo. Aseme ndiyo, wifi, imeshindikana, tafuteni fundi mwingine, kisha aende zake akanywe chai. Neno moja tu! Badala yake alikunja mikono ya blauzi.

"Imeshindikana kwa nani? Kwangu mimi?"

Akaizima seva, akaiwasha tena. Kabla haijaamka vizuri akabonyeza vitufe, ikatokea orodha fupi ya namna ya kuwaka. Akaufungua mstari wa kwanza, akashuka mpaka mwisho wake, akaongeza maneno machache ya kuiambia mashine isipite njia yake ya kila siku, isimuulize mtu jina wala nywila, impe tu mstari wa amri moja kwa moja. Kioo kikawa cheusi. Kisha ikatokea alama ya ruti, peke yake katikati ya giza, inasubiri kuamrishwa.

"Tayari," alisema.

"Tayari nini?" Mama aliuliza.

"Tumeingia, Mama. Hapa mimi ndiye ruti."

"Bila nywila?"

"Bila nywila."

Kwa mazoea ya kazi, kabla hajaweka nywila mpya alichungulia faili linalohifadhi nywila za watu wote zikiwa zimefumbwa. Akautafuta mstari wa ruti. Mbele yake palikuwa na alama ya mshangao, na kidole chake kikasimama hewani. Alama ile haiwekwi na mtu aliyesahau nywila, wala aliyekosea kuandika. Huwekwa pale mtu aliye ndani ya ruti tayari anapoiamuru mashine ifunge akaunti hiyo. Aliyeifunga ruti alikuwa na nywila mkononi, akaingia, akafunga makusudi, akatoka.

Alikunja uso. Alikuwa karibu kugeuka amuulize Meneja.

"Ajabu!" Mkaguzi alisema kutoka kwenye kona. "Dada, wewe kweli mtaalamu. Nimezunguka ofisi nyingi, sijaona mtu wa namna hii."

Basi. Kichwa kikavimba, swali likamtoka. Aliandika amri ya kubadilisha nywila, akaweka mpya, akairudia, mashine ikakubali, na ile alama ya mshangao ikafutika kwa mkono wake mwenyewe. Watu wanalipwa pesa kuharibu ushahidi wa wenzao. Yeye aliifanya kazi hiyo bure, tena akitabasamu.

"Samahani sana," Mkaguzi akasogea. "Nilikuwa nyuma, sikuona vizuri. Unaweza kurudia tangu mwanzo? Polepole, na mimi nijifunze."

Na akarudia, jamani. Akaizima seva tena, akaiwasha, akaeleza kila hatua kama mwalimu wa darasa la kwanza, huku mumewe mlangoni akitazama sakafu. Wachapaji wawili watatu walikuwa wameacha mashine zao wakaja kuchungulia. Aliwanyooshea kidole pale kwenye maneno ya kuongeza. Mmoja akapiga mluzi.

"Na hii unaijua tangu lini?" Mkaguzi aliuliza.

"Tangu chuoni. Ni kitu cha mwanzo kabisa kufundishwa."

"Kwa hiyo hata mwezi uliopita ulikuwa unaijua."

"Naijua miaka..." Sentensi haikufika mwisho.

Feni iliendelea kulia. Bi Waya aligeuza kiti taratibu, akawatazama mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kushangaa isipokuwa wale wachapaji. Sasa ndiyo alielewa kwa nini chumba kilikuwa kimejaa.

"Mtu akiingia hivi," Mkaguzi aliendelea, kwa upole ule ule, "inaandikwa popote? Kwamba fulani ameingia?"

Angeweza kudanganya. Lakini alikuwa mtu wa kazi, na ukweli wa kazi ulimtoka kabla hajauzuia. "Hapana. Hapo mfumo wa kuandika unakuwa haujawaka." Akakurupuka. "Lakini lazima mashine izimwe kwanza! Haiwezekani kufanya hivi bila kuizima. Na kuzimwa kunaandikwa!"

"Umeme hapa unakatika? Na ukikatika, mashine si inazimika vile vile?"

Wachapaji waliangua kicheko, kwa sababu mchana uliopita tu ulikatika mara mbili. Walicheka bila ubaya, ndivyo walivyozoea. Mkaguzi hakucheka.

"Ruti ilifungwa makusudi," Bi Waya alisema. Sauti ilikuwa imepanda. "Mama, nisikilize. Hajasahau nywila. Mbele ya mstari wa ruti kulikuwa na alama ya mshangao, nimeiona, na alama ile anaiweka mtu aliye ndani. Ni yeye mwenyewe aliyefunga ili mimi nije nifungue!"

"Alama ya mshangao," Meneja alirudia, akamtazama mama yake kwa huruma. "Haya. Tuonyeshe."

Bi Waya alifungua faili. Kwa haraka alikosea jina la faili mara mbili. Mstari wa ruti ukaja, msafi, wenye nywila mpya aliyoiweka yeye.

"Imefutika nilipobadilisha."

"Aliyeifuta ni nani?"

"Ni mimi."

"Mh," alisema Meneja.

Ukitaka kujua ukatili, si kumpiga mtu. Ni kumwacha ajieleze. Bi Waya alishika kona ya meza, akapiga moyo konde, akamgeukia Mama, na safari hii alizungumza na mama mkwe wake peke yake kama vile wengine hawamo.

"Mama, nipe dakika moja tu. Mashine hii inaandika kila mtu aliyeingia kwa njia ya kawaida na alichokifanya. Niiwashe vizuri, nifungue kumbukumbu za siku ile. Utaona kwa macho yako ni nani aliyeingia kwa ruti kwa nywila yake, saa ngapi, akanakili nini. Mimi nisiseme neno. Utasoma mwenyewe."

Mama alinyanyua uso. Kwa mara ya kwanza tangu aingie mle alionekana kama mtu anayetaka kusikia. Alimtazama binti yake, na binti yake hakukwepa macho.

"Tusome nini, Mama?" Meneja alisema. "Nywila ya ruti sasa hivi anayo nani? Si yeye? Ameiweka hapa mbele yetu. Mkaguzi, wewe unajua mambo haya. Mtu akiwa ruti, hizo kumbukumbu hawezi kuzibadilisha?"

Mkaguzi alifikiri kidogo, maana alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake. "Anaweza," alikiri. "Aliye ruti anaweza kuandika chochote, hata tarehe ya zamani. Kumbukumbu atakazotuonyesha huyu dada, kisheria hazina maana tena. Zingekuwa na maana jana."

"Jana hamkunipa ruhusa ya kuzisoma!"

"Jana hukuwa na haja ya kuingia," Mkaguzi alisema.

"Na wewe ulikuwa na uwezo wote huu umeuficha," Meneja aliongeza, sasa ile sauti laini ameshaitua chini kama mzigo. "Tunakuona mnyonge, huna nywila. Kumbe si wewe mwenyewe unayesema nywila ni ya kumzuia aliye mbali, anayeikalia mashine hahitaji kubisha hodi?"

Maneno hayo yalikuwa ya Bi Waya, neno kwa neno. Lakini hakuyasema kiwandani, wala mezani, wala mbele ya Meneja. Aliyasema kitandani, taa imezimwa, amelalia mkono wa mumewe, akicheka kwa sababu siku hiyo alikuwa ameumizwa na wifi yake na alitaka kujisikia mkubwa kidogo. Aliyasema kwa mtu mmoja.

Aligeuka mlangoni. Mumewe alikuwa anajikung'uta vumbi la karatasi kwenye mkono wa shati, taratibu, kwa makini, kama mtu mwenye miadi.

"Wewe," alimwita. Halafu akamwita kwa lile jina la nyumbani ambalo hakuwahi kulitumia mbele za watu, na watu wakainamisha vichwa kwa aibu kwa niaba yake. "Waambie. Unanijua. Unajua kama mimi naweza kuiba mtihani. Mimi sina hata mtoto wa shule!"

Hilo la mtoto hakupaswa kulisema, maana ndilo lililokuwa likisemwa juu yake nyumba nzima kila akitoka chumbani. Meneja alitoa sauti ndogo puani. Mama alifumba macho, na alipoyafumbua alikuwa ameshaamua. Ilionekana mabegani, yalivyoshuka. Kiwanda kimebaki, binti amebaki. Alikuwa anampenda mkwewe huyu, na atamlilia baadaye kwa machozi ya kweli, lakini hakumzaa.

"Mwanangu," Mama alimwambia mwanawe, "mkeo anakuita."

Mwanamume alimaliza mkono mmoja wa shati, akaanza wa pili. Mkaguzi alishatoa simu, anangoja tu kwa adabu ili mambo ya familia yaishe. Bi Waya alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha seva, mbele ya kioo cheusi na alama ya ruti inayopepesa, na katika mashine nzima hakukuwa na kitu ambacho asingeweza kukifungua.

Mumewe alinyanyua macho mwishowe, akamtazama juu ya kichwa, ukutani, kwenye yale madoa.

"Simama, mpishe dada akae," alisema. "Kazi zinachelewa."